Tangi Mbadala la Mafuta la Boti kwa Gharama Ndogo

Tangi la mafuta la boti likianza kuvuja, mwenye chombo huwazia mambo mawili kwa haraka: bei ya tangi jipya la kiwandani, na dumu tupu lililowekwa pembeni mwa banda. Hakuna kosa katika kuwazia hayo, kwa sababu tangi zuri linaweza kupatikana bila gharama kubwa, na hata dumu lina matumizi yake halali. Lakini ni lazima mtu ajue mapema ni wapi anaruhusiwa kubana matumizi na ni wapi hapaswi kabisa. Unaweza kuokoa fedha katika umbo, ukubwa, kazi ya mikono yako na uteuzi wa aina ya tangi, lakini si katika matundu ya tangi hilo, yaani kila mahali ambapo mafuta au hewa huingia na kutoka, wala katika kulipima kabla halijatiwa mafuta. Mwili wa tangi lililotengenezwa vizuri huvuja mara chache. Penye tundu ndipo hatari inapoanzia.

Petroli na dizeli zisichukuliwe kama kitu kimoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka chini na kutuama ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, nao hautoki wenyewe ikiwa sitaha imefunika kila mahali. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mchanganyiko hushika moto mvuke ukifikia takriban asilimia 1.4 tu ya hewa. Dizeli haifikii hali hiyo mpaka ipashwe joto kupita nyuzi 50 hivi. Kwa sababu hiyo, mambo mengi ambayo fundi mwangalifu anaweza kuyafanya kwa tangi la dizeli hayafai kwa petroli. Ikiwa injini yako ya petroli imefungwa ndani ya chombo, chini ya sitaha, nakushauri kwa dhati ununue tangi lililoidhinishwa au umpe kazi fundi mwenye uzoefu wa matangi ya vyombo vya majini. Maelekezo yanayofuata yanahusu boti la wazi lenye mashine ya nje na boti la dizeli.

Kabla ya kulitupa tangi la zamani, lichunguze ujue limekufa kwa ugonjwa gani. Tangi la alumini mara nyingi huoza kwa nje, upande wa chini, pale maji ya chumvi yalipokaa kati yake na zulia, mbao au povu lililomiminwa kulizunguka. Tangi la chuma cha kawaida huoza kwa ndani, kwenye sakafu yake, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka maji usiku, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini kabisa. La plastiki kwa kawaida hushindwa kwenye viungio, au hupasuka kwa kukaa juani miaka mingi. Aidha, hakikisha kwamba kinachovuja ni tangi kweli: mpira wa mafuta uliokauka na kupata nyufa hutoa harufu ileile, na kuubadilisha ni kazi ya nusu saa.

Kwa boti dogo lenye mashine ya nje, njia rahisi kuliko zote ni tangi la kubebeka la kiwandani, lile la lita 12 au 25 ambalo huja likiwa na kifuniko chenye skrubu ya hewa, mrija wa kuvutia mafuta na kiungio cha mpira. Ukijumlisha bei ya viungio, mpira na muda wa kutengeneza la kwako, utaona tofauti si kubwa kama ilivyodhaniwa. Matangi mawili ya namna hiyo ni bora kuliko moja kubwa lililobuniwa kwa haraka, kwa kuwa moja likiingia maji au uchafu unahamishia mpira kwenye la pili na kurudi nyumbani. Kwa chombo kikubwa zaidi, tafuta tangi la polithini la kumiminwa linalouzwa kwa ajili ya boti, hata kama umbo lake halilingani sawasawa na nafasi yako. Ni nafuu kurekebisha kitako cha mbao kuliko kuagiza tangi la umbo maalumu. Tangi la gari la zamani nisingelipendekeza. Bati lake ni jembamba, halikukusudiwa kukaa kwenye chumvi, na mara nyingi matundu yake yako mahali pasipofaa.

Sasa tuje kwenye dumu. Dumu linaweza kuwa tangi la muda au la akiba kwa mashine ndogo ya nje katika boti la wazi, ambamo mvuke hupeperushwa na upepo. Chagua dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya injini au petroli, lenye kuta nene na mdomo mpana. Madumu mengi ya namna hiyo ni ya polithini nzito, ambayo alama yake ni namba 2 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Dumu jembamba na jeupe la mafuta ya kupikia au maji halifai, kwa sababu petroli hupenya polepole katika kuta zake na jua huzifanya ziwe kama ganda la yai.

Kanuni kuu hapa ni hii: toboa kifuniko, usitoboe dumu. Tafuta kifuniko cha ziada kinacholingana na dumu lako, ukitoboe matundu mawili, moja la kiungio cha mafuta na jingine la kiungio cha hewa. Mwili wa dumu ukibaki mzima, kosa lolote utakalofanya litaishia kwenye kifuniko, ambacho unaweza kukibadilisha. Tumia viungio vya kupita ukutani vyenye nati ndani na nje, na kila upande weka washa ya mpira wa naitrili, ambao hustahimili mafuta. Kama petroli ya kwako imechanganywa na ethanoli, mpira wa aina ya Viton ni bora zaidi. Usipake silikoni, hata ile inayodaiwa kuziba kila kitu, kwa maana petroli huilainisha ikavimba na kubanduka, na vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Mrija wa kuvutia mafuta uwe wa alumini au wa nailoni ngumu, ushuke hadi sentimita mbili au mbili na nusu kutoka sakafu ya dumu, na ncha yake ikatwe kwa mshazari ili isijizibe kwa kugusa chini. Nafasi hiyo ndogo hukufanya upoteze lita moja au mbili zisizovutika, lakini humo ndimo maji na mchanga hutulia, na ni afadhali vibaki humo kuliko viingie kwenye mashine. Kutoka kwenye kiungio, mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 hutosha mashine ndogo na za kati. Uwe mpira wa mafuta wa vyombo vya majini, si mpira wa maji, na kila mwisho wake ufungwe kwa kibano cha chuma cha pua. Puto la kupampia likae karibu na mashine, mshale wake ukielekea kwenye mashine, na wakati wa kulibonyeza lishikwe wima, mshale ukitazama juu, kwa kuwa valvu zake hufunga vizuri zaidi zikiwa hivyo.

Tundu la hewa ndilo husahaulika, nalo hufanana na ugonjwa wa mashine. Nilikwenda baharini wakati mmoja na dumu nililolitengeneza mwenyewe, kiungio chake cha hewa kikiwa chembamba mno. Mashine iliwaka vizuri, ikaenda kwa dakika kama kumi, ikaanza kukohoa, ikazima. Nilibonyeza puto, likabaki limebonyea kama limenyonywa, halikurudi. Nilitoa plagi nikazikagua, nikafungua filta, na wakati wote huo dumu lilikuwa miguuni pangu mbavu zake zikiwa zimeingia ndani kama tumbo la mtu aliyevuta pumzi. Nilipolegeza kifuniko lilipiga mlio mmoja wa hewa, likajaa, na mashine ikawaka papo hapo. Tangu siku hiyo naweka kiungio cha hewa chenye koki, kifunguliwe wakati wa safari na kufungwa wakati dumu linabebwa, na jambo la kwanza ninalolitazama mashine ikikohoa ni mbavu za dumu.

Dumu hilo lifungwe kwa mkanda lisiteleze chombo kinapokwenda mrama, likae tezini mbali na betri, na likingwe jua. Lijazwe likiwa chini ardhini nje ya boti, mdomo wa bomba la kujazia ukigusa dumu, ili umeme tuli usijikusanye na kurusha cheche.

Kwa boti la dizeli lenye injini ya ndani, au kwa yule anayehitaji mamia ya lita, njia ya gharama nafuu ni kuchora tangi mwenyewe na kumlipa fundi kuchomelea tu. Anza kwa kutengeneza tangi la boksi gumu la karatasi, kwa vipimo kamili, pamoja na vijiti vya kuonyesha viungio vilivyo juu. Lipitishe kwenye mlango wa sitaha na kulikalisha mahali pake. Wengi wamegundua siku ya kufunga kwamba tangi linaingia mahali pake lakini halipiti mlangoni, na hapo hubaki kukata sitaha, kazi ambayo hugharimu kuliko tangi lenyewe. Likikataa kupita, gawa ujazo katika matangi mawili madogo.

Hesabu ya ujazo ni nyepesi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 lina lita 120. Usilihesabu kuwa ni lita 120 za safari. Asilimia 5 ya juu, yaani lita 6, iachwe wazi kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto: lita 100 za petroli zikipanda nyuzi 30 huongezeka karibu lita 3. Sentimita mbili za chini zisizovutika ni lita nyingine 6. Zinazobaki ni 108. Kuhusu uzito, kadiria gramu 840 kwa kila lita ya dizeli na 740 kwa lita ya petroli, ili ujue kitako kitabeba nini na kama chombo kitainamia upande mmoja.

Kwa alumini, agiza aina ya 5052, 5083 au 5086, ambazo huvumilia maji ya chumvi, na bati lisiwe jembamba kuliko milimita 2.3, kwa tangi kubwa mimi huomba milimita 3 au 4, kwani nyongeza ya bei ni ndogo ikilinganishwa na umri unaoongezeka. Kwa dizeli, chuma cha kawaida pia kinakubalika, mradi nje kipakwe rangi vizuri na ndani kiachwe bila rangi. Usitumie bati lililopakwa zinki, wala mirija ya shaba kwa ndani: zinki hutengeneza uchafu mfano wa sabuni ndani ya dizeli na kuziba filta, na shaba huharakisha dizeli kuharibika. Tangi la fiberi lililotengenezwa kwa resini ya kawaida ya poliesta halifai ikiwa mafuta yana ethanoli, kwa kuwa ethanoli huilainisha resini.

Ndani ya tangi weka viambaza, yaani vipande vya bati vya kuligawa, ambavyo kazi yake ni kuvunja mawimbi ya mafuta. Lita 100 zikirushwa kutoka ukuta hadi ukuta kwa kila wimbi la bahari hupiga kama nyundo, na mishono ya pembeni huchoka. Kiambaza kimoja katika kila nusu mita kinatosha. Pembe zake za chini zikatwe ili mafuta na maji yapite kuelekea upande wa kuvutia, na za juu zikatwe ili hewa ipite, lakini matundu yote kwa pamoja yasizidi theluthi moja ya eneo la kiambaza.

Viungio vyote vikae juu ya tangi: kujazia, hewa, kuvutia, kurudishia na kipimo. Kwa petroli sharti hili halina msamaha, na hata kwa dizeli mimi sikubali koki ya chini, maana kiungio cha juu kikilegea hutoa harufu, ilhali cha chini humwaga tangi zima ngamani. Mrija wa kujazia uwe na kipenyo cha milimita 38, na wa hewa usipungue milimita 14, la sivyo mafuta yatarudi kumwagika usoni mwa anayejaza. Mrija wa hewa utokee nje ya chombo, ukiwa umepandishwa kitanzi juu ili maji ya bahari yasiingie, na mdomo wake uwe na wavu mwembamba. Kwenye mrija wa kuvutia weka valvu ya kuzuia mafuta kujivuta yenyewe, ili mpira ukikatika tangi lisijimwage. Injini ya dizeli hurudisha mafuta yasiyotumika, kwa hiyo weka kiungio cha kurudishia mbali na cha kuvutia, vinginevyo povu na joto vitazunguka palepale. Viungio vya shaba nyeupe visifungwe moja kwa moja kwenye alumini. Chumvi itakula alumini kuvizunguka. Weka cha chuma cha pua katikati.

Kipimo cha umeme si lazima. Kijiti cha mbao kilichonyooka, kikishuka kupitia tundu lake chini hadi sakafuni, hakiharibiki kamwe. Chini ya tundu hilo mwambie fundi achomelee kipande kidogo cha ziada, ili kijiti kisichimbe sakafu kwa kugonga miaka yote.

Tangi likitoka kwa fundi, lipimwe kwa presha kabla ya chochote kingine. Kipimo hiki ni cha tangi jipya ambalo halijawahi kuguswa na mafuta. Presha inayotakiwa ni kilopaskali 20, ambayo ni sawa na maji ya kimo cha mita 2, na kwa hiyo huhitaji geji ya kununua. Chukua mpira unaoonyesha ndani, wa urefu wa mita 5, uufunge kwenye nguzo kwa umbo la herufi U, kila mkono ukiwa na mita 2.5, utie maji mpaka yafike kimo cha mita 1.1 katika mikono yote miwili. Mwisho mmoja uunganishe na tangi, wa pili uache wazi. Ziba viungio vingine vyote isipokuwa kimoja cha pampu ya baiskeli, kisha jaza hewa polepole kwa pampu hiyo. Maji yatashuka mkono mmoja na kupanda mwingine. Tofauti ikifika mita 2, acha. Ukizidisha kidogo, hewa itapenya kwenye kona ya chini na kububujika nje, na hivyo mpira huohuo unakuwa kinga yako.

Compresa isiguse tangi. Kilopaskali 20 huonekana kidogo, lakini kwenye ukuta wa sentimita 60 kwa 40 nguvu yake ni sawa na uzito wa kilo 490 hivi, na compresa hufikisha mara thelathini ya presha hiyo kabla hujageuza shingo. Fanya kazi kivulini, kwa sababu jua likipiga bati hewa ya ndani hutanuka na maji hupanda, nawe utadanganyika. Paka povu la sabuni kwenye kila mshono na kila kiungio, ukiangalia kwa karibu; uvujaji mdogo haupulizi mapovu makubwa, bali huota kijishanga cheupe cha mapovu madogo sana kinachokua taratibu. Maji yakisimama palepale kwa dakika tano na hakuna kishanga, tangi limefaulu.

Nalazimika kusema neno kuhusu tangi la zamani, kwa kuwa kishawishi cha kulichomelea ni kikubwa. Tangi lililowahi kuwa na petroli, hata likionekana limekauka, lina mvuke kwenye mishono na kwenye kutu, na moto wa kuchomelea huutoa wote kwa pamoja. Watu wamekufa kwa kosa hili. Kuliosha kwa sabuni nyumbani hakutoshi. Usilichomelee, usilikate kwa msumeno wa umeme, na usinyonye mafuta yake kwa mdomo. Yatoe kwa pampu ya mkono, mahali pa wazi.

Wakati wa kulifunga, tangi la chuma au alumini likae juu ya vipande virefu vya mpira wa neoprini vilivyogandishwa kwenye tangi, ili maji yasipenye kati yake, na chini yake pabaki nafasi ya hewa. Zulia, mbao zilizolowa na povu la kumimina ndivyo vilivyoua la kwanza. La plastiki liachiwe nafasi pande zote, kwa sababu polithini ikikaa na mafuta hutanuka karibu asilimia 2, na likibanwa kati ya mataruma, yaani mbavu za chombo, litajipinda. Tangi la chuma au alumini, pamoja na sahani ya kujazia iliyo sitahani ikiwa ni ya chuma, viunganishwe kwa waya na mfumo wa ardhi wa chombo, ili umeme tuli usijikusanye. Mpira wa ndani ya chombo uwe wa aina inayostahimili moto kwa dakika mbili na nusu, wenye alama ya ISO 7840, na kati ya tangi na injini kuwe na filta yenye bakuli la kutenganisha maji.

Jaza kwanza theluthi moja, bonyeza puto au pampu, ukague kila kiungio kwa karatasi nyeupe kavu, ambayo huonyesha doa mapema kuliko jicho. Kisha jaza hadi kikomo chako, kwa kuwa uvujaji wa viungio vya juu hujitokeza tangi likijaa tu, na uende safari fupi kwenye maji yenye mawimbi kiasi. Asubuhi ya pili, kabla ya kugusa swichi yoyote, fungua ngama na unuse. Kama hakuna harufu, andika juu ya tangi, kwa rangi isiyofutika, ujazo wake, aina ya mafuta, aina ya bati, presha lililopimiwa na tarehe, ili atakayefungua sitaha hiyo baada yako ajue alichokikuta.